Mlimau Juu ya Dampo

"Wewe wa kofia ya njano! Shuka kwenye mizani, nakupima pamoja na takataka!"

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti cha kibanda cha mizani, langoni mwa dampo la jiji. Madereva waliopanga foleni na malori yao wakaangua kicheko. Fundi wa gesi, aliyekuwa ameanza kazi asubuhi ileile, akaruka pembeni na mkoba wake wa vipimo. Dirishani aliketi karani wa mizani, blauzi ya zambarau imenyooshwa kwa pasi, kitambaa cha maua kichwani, nadhifu kama anayekwenda harusini.

"Nimefika kilo ngapi, dada?"

"Hata gunia la chupa linakushinda. Pita, unachelewesha watu."

Akapita. Kesho yake akapanda tena mizani, safari hii kwa makusudi.

Haukupita muda wakawa hawamalizi asubuhi bila kupigiana simu, karani akiwa kibandani, fundi juu ya kilima cha taka.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Huku juu, nasikiliza uchafu unavyopumua."

"Wenzangu wanaambiwa habari za nyota, mimi naambiwa habari za uchafu!"

"Sikiliza basi, mama watoto."

"Watoto wapi? Endelea."

"Taka zilizozikwa zikioza zinatoa gesi. Ikitoroka, inaifunika dunia kama blanketi wakati wa joto. Ndiyo maana sehemu ya zamani tumeifunika kwa udongo mzito, tukaweka mabomba ya kuivuta gesi ikachomwe. Mimi kazi yangu ni kuziba inapovujia."

"Haya, mziba nyufa. Shuka, chai inapoa."

Jioni moja fundi alipiga simu akiwa na furaha tele.

"Leo nimeziba ufa mkubwa! Kifaa cha kupima gesi kililia mpaka nikashtuka. Hebu fikiria, kuna mtu kapanda mlimau juu ya kifuniko! Mizizi imepasua udongo. Nimeung'oa."

Simu ikakatika.

Karani hakupokea tena. Asubuhi fundi akamkuta kibandani, macho yamevimba, kitambaa cha maua hakipo.

"Ule mlimau niliupanda mimi," karani alisema taratibu. "Pale ndipo mama alipokuwa anakaa, akichambua chupa. Chupa hizo ndizo zilizonisomesha. Jioni alikuwa hanikumbatii kabla ya kusugua jani la mlimau viganjani, eti nisisikie harufu ya dampo. Kazikwa mbali. Sikuwa na mahali pengine pa kumtembelea."

"Sikujua. Nisamehe."

"Najua hukujua. Lakini usinipigie."

Fundi akatii. Kila asubuhi aliizunguka mizani, akapita pembeni, kichwa chini. Karani alijifanya anasoma namba za malori. Madereva wakaanza kunung'unika kwamba kipaza sauti hakichekeshi tena.

Mpaka siku fundi alipotokea amekumbatia ndoo, akapanda katikati ya mizani na kusimama.

"Kilo ngapi leo?"

Karani alichungulia ili amfukuze. Ndani ya ndoo mlikuwa na mlimau, mkavu upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umetoa majani mapya, madogo, yanayong'aa.

Akatoka nje mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Mkono ulikataa kuutupa," fundi alisema. "Mizizi mingine ilikuwa imeshaoza, gesi ilikuwa inaukaba. Nikaukata, nikaupanda upya kwangu. Nilinyamaza kwa sababu sikujua kama utapona. Niliogopa usije ukafiwa mara mbili."

Karani akagusa majani.

"Ndoo itaubana," fundi akaendelea. "Nimepata nyumba yenye uwanja nyuma. Lakini sitaki kuhamia peke yangu."

"Hapo unaniposa, au unatafuta wa kumwagilia?"

"Vyote viwili."

Dereva wa lori la nyuma akapiga honi. "Mjibu, shemeji, tushushe mzigo!"

"Mimi siposwi barabarani kama mtu asiye na mzazi," karani akasema, akiuonyesha mlimau. "Zungumza naye kwanza."

Fundi akaitua ndoo. Akavua kofia ya njano, akainama mbele ya mlimau.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyecheka. Karani akachuma jani moja, akalisugua viganjani polepole mpaka harufu yake ikapanda, kisha akamshika fundi mashavu yote mawili.

"Amesema marahaba."