Skrubu za Kwenye Kitambaa

Siku Theophil alipoangusha pleti namba ya gari lake, alidhani watu wanampenda.

Alikuwa anatoka Maisaka kwenda mjini, jua limeshapanda, dirisha wazi, na njia nzima watu wanampungia mikono. Mama muuza ndizi alimpungia. Vijana wa bodaboda walimpungia. Naye, mtu wa watu, akawapungia wote kwa zamu, polepole, kama diwani aliyepita bila kupingwa, mpaka akamfikia trafiki. Akampungia na yeye.

Trafiki hakupunga. Alimsimamisha, akazunguka mbele ya gari, akarudi dirishani.

"Shikamoo mzee. Gari lako linaitwa nani?"

Kabla Theophil hajapata jibu, bodaboda mmoja akafika anahema, mkononi kibao cha njano kilichopinda kona. Kilikuwa kimelala kwenye tuta huko nyuma, na tangu huko wanamwita. Binti yake Vailet, aliyekaa kiti cha mbele na begi la shule mapajani, aliteleza chini ya dirisha hadi zikabaki nywele tu.

"Nilikwambia, baba," alisema kutoka huko chini. "Hawakusalimii wewe."

Aibu hiyo ilimuuma Theophil kuliko onyo la trafiki. Mtu aliyeendesha malori ujana wake wote, akalala Tunduma, akala ugali wa Lubumbashi, akatukanwa Beira kwa lugha asiyoijua na akajibu kwa Kiiraqw, leo anashindwa kufunga kibao cha bati? Lakini kosa halikuwa lake peke yake. Bampa la asili lilifia Magugu kwa sababu ya punda. Hilo alilonunua lilitoka kwenye gari la aina nyingine, halina kishikizo cha namba wala matundu. Alikuwa amefunga kibao kwa waya wa ua, akajisifu, na waya ukamjibu barabarani.

Mchana huohuo akapita Bagara kwa fundi Severine, seremala wa vitanda, milango na majeneza. Shida ya bampa la plastiki ni kwamba liko kama shavu la mzee: nje limejaa, ndani hewa. Skrubu haipati pa kuuma. Dawa yake ni kuweka kipande cha ubao kwa nyuma, halafu skrubu ipite kwenye kibao, ipenye bampa, iume ubao. Theophil alilijua hilo, na alijua pia kwamba kwa Severine mtu hujihudumia.

Severine alikuwa ameenda kunywa chai. Theophil akaokota kipande cha mninga sakafuni. Kopo la skrubu lilikuwa mezani, lakini zote zilikuwa na kutu. Dirishani palikuwa na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo, ukibonyeza, skrubu mbili. Akajaribu kulifungua kwa kucha. Likakataa. Akalifungua kwa meno.

Zilikuwa za shaba, ndefu, zinang'aa kama vinara vya altareni. Hata wewe ungezichukua.

Alizifunga nyumbani jioni jua likiwa bado lipo, na kazi aliifanya kwa heshima. Alipima kibao kikae sawa, akaweka alama, akatoboa kwa drili ndogo, akakata vipande vya tyubu ya baiskeli kuwa washa ili bati lisitetemeke. Vailet alishikilia kibao, akimpa baba yake skrubu moja moja na kupuliza vidole kama mtu aliyeshika barafu. Huyu ndiye mtoto wao pekee, Theophil na mkewe Benadetha. Alikuja baada ya miaka mingi ya kungoja na novena nyingi, wakati watu walishaacha kuuliza. Theophil alikaza skrubu ya mwisho, akakipiga kibao kofi. Hakikutikisika.

"Hiki sasa," alisema, "hakitoki mpaka kiama."

Asubuhi kibao kilikuwa kinaning'inia. Skrubu zote mbili zilikuwa zimelegea nusu, na kwenye mifereji ya vichwa vyake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi.

"Wezi wa pleti," Theophil alisema. Akazikaza.

Siku hiyo Vailet alirudishwa kutoka mstarini shuleni, kucha chafu. Benadetha alimsugua kwa brashi ya viatu akigomba: binti mkubwa anacheza matope kama ng'ombe. Vailet aliapa hajacheza. Kesho yake zilikuwa chafu tena. Na skrubu zilikuwa zimelegea tena.

Theophil akacheka, maana hapo bado alikuwa anacheka. Akasema wezi wa Babati hawajakutana na mtu wa Tunduma. Alizichomoa skrubu, akazipaka gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, akazikaza mpaka ubao ukalia. Kisha akafanya ujanja alioujifunza kwenye malori: akachukua tupa, akasugua vichwa vya skrubu mpaka mifereji ikafutika, vikabaki laini kama vifungo vya shati. Bisibisi haina tena pa kushika.

Ndani ya nyumba Vailet aliacha kijiko kwenye uji. "Baba, meno yananiuma," alisema. "Yote."

Asubuhi iliyofuata kibao hakikusogea hata kidogo. Theophil alitoka na kikombe cha chai mkononi kwenda kukipongeza. Bampa lilikuwa na mikwaruzo. Mingi. Mifupi, imejazana kuzunguka kila skrubu, kama kuku aliyepekua. Juu ya namba palikuwa na damu iliyokauka. Na katikati ya mkwaruzo mmoja, kitu cheupe kimechomeka kwenye plastiki. Alikivuta.

Ilikuwa ukucha. Mdogo. Wenye rangi ya waridi aliyopakwa Vailet siku ya kipaimara.

Kikombe kilianguka. Aliingia chumbani. Vailet alikuwa amelala chali, mikono kifuani, imepangwa. Vidole vimevimba. Havina kucha. Macho yalikuwa wazi.

"Vailet. Mama."

"Bibi anasikia baridi, baba," mtoto alinong'ona. "Kifuniko hakikai."

Zahanati walimfunga bandeji, wakampima damu, wakasema iko sawa. Muuguzi alishika mkono wake, akauachia haraka, akajifuta kwenye sketi. Theophil alimwacha binti nyumbani na mama yake, akaendesha hadi Bagara bila kumpungia mtu.

Severine alikuwa anapiga randa. Theophil hakumalizia hata kueleza. Randa ilisimama. Fundi alitazama dirishani, akatazama kitambaa cheusi kilichobaki wazi, akakaa chini kwenye maranda.

"Nikadhani panya," alisema taratibu. "Ulikifungua kwa mkono?"

"Kwa meno."

Severine alifumba macho. Kisha akaongea chini chini, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili. Siku ya kumzika Bibi Genoveva kule Nakwa, walifungua kifuniko watu wamuage. Wakati wa kufunga, skrubu mbili hazikuonekana. Padre anangoja, mvua inakuja. Wakafunga kwa zilizobaki. Jioni zikaonekana chini ya mkeka, akaletewa. Yeye hufanya kama baba yake alivyofanya: huzifunga kwenye kitambaa, hungoja arobaini, akazizike miguuni pa mwenyewe.

"Skrubu ikishauma jeneza, Baba Vailet, haiumi kitu kingine. Ni ya mwenyewe. Anaijua. Kifuniko kimelegea, baridi inaingia, anatafuta vitu vyake. Hana mikono huku juu. Anaazima."

"Nikizirudisha?"

"Zikiwa nzima, rudisha leo. Ni nzima?"

Theophil alifikiria gundi. Alifikiria tupa.

Walikwenda kwa Tariq, mchomeleaji. Bisibisi iliteleza. Koleo iliteleza. Waliwasha moto kulainisha gundi, plastiki ikayeyuka, skrubu zikabaki baridi. Umande ulikuwa umekaa juu yake, saa sita mchana.

"Hapa ni grainda tu," Tariq alisema.

"Usikate kichwa," Severine alimwambia. "Kata pembeni. Kata bampa."

Tariq alikata pembeni. Kwa uangalifu wote. Jiwe la grainda lilipogusa plastiki liliruka lenyewe. Cheche moja. Ya pili. Vichwa vyote viwili viliruka, na kibao kikaanguka mbele ya miguu yao kama karatasi.

Walivitafuta. Walifagia changarawe, wakapitisha sumaku, na Severine akaitupa sumaku kwa hasira, maana shaba haijui sumaku. Hakukuwa na kitu. Theophil akaingiza mkono nyuma ya bampa, akachomoa kipande cha mninga. Akakipasua kwa shoka apate angalau miguu ya skrubu. Haikuwamo. Mlikuwa na matundu mawili, na ndani ya matundu udongo mwekundu, umeshindiliwa, una maji.

Tariq alizima grainda. Alirudi nyuma hatua kadhaa. "Mzee, ondoa gari lako hapa," alisema. "Tafadhali."

Simu ya Theophil ikaita. Alikuwa Benadetha. Halii. Afadhali angelia.

"Njoo," alisema tu.

Vailet alikuwa palepale alipomwacha. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Pumzi yake inakuja, inakawia, inakuja. Benadetha alikaa pembeni, rozari imemkatikia mkononi. Akaonyesha kwa kidevu.

Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefumbwa, bandeji na yote. Theophil alivifungua vidole kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kigumu kuliko kilichotangulia. Ndani ya kiganja palikuwa na vichwa viwili vya skrubu. Vya shaba. Vilivyosuguliwa laini.

Vilikuwa bado vya moto kutoka kwenye grainda. Vilimuunguza baba. Kiganja cha mtoto kilikuwa baridi, hakina hata alama.

"Mlango haukufunguliwa," Benadetha alinong'ona. "Nilikuwa nimemshika mkono huo."

Theophil alivifunga vichwa kwenye leso, akaendesha gari lisilo na namba kupita mji mzima. Hakuna aliyempungia. Mama muuza ndizi alimwona akija, akainamisha kichwa, akakusanya ndizi zake kuziondoa barabarani.

Severine alikuwa amesimama mlangoni kwake, kama aliyekuwa akimngoja.

"Hivi hapa," Theophil alisema akinyoosha leso mbele, vichwa vikigongana ndani. "Nimevipata, fundi. Twende Nakwa. Nitachimba mwenyewe. Nitavifunga mwenyewe. Twende sasa hivi, jua bado lipo. Niambie tu nifanye nini."

Severine aliitazama leso. Hakuigusa.

"Vichwa havifungi kitu, Baba Vailet," alisema. "Rudi nyumbani ukampime mtoto urefu."