Macho ya Shangazi Roda

Kila alasiri Bilan alipotoka madrasa, aliosha vumbi miguuni, akamchemshia shangazi yake chai ya maziwa isiyo na sukari, kisha akaketi kando yake mbele ya tarakilishi. Waliishi Garissa, mtaa usio mbali na mto Tana. Shangazi Roda alikuwa mwandishi wa programu, lakini kisukari kilikuwa kimeyala macho yake kidogo kidogo, hata maandishi ya skrini akayaona kama sisimizi. Bilan, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyemsomea.

Nairobi kulikuwa na mashine mpya yenye maelfu ya prosesa zinazofanya hesabu kwa pamoja, iliyonunuliwa ili kukadiria mafuriko ya Tana upesi. Mashine hiyo haikuelewa maagizo yaliyoandikiwa mashine ya zamani, kwa hiyo Roda alitunga programu ya kuyatafsiri. Ili kuipima, hesabu arubaini zilifanywa na mashine zote mbili. Bilan alisoma jibu la zamani, kisha jipya, na Roda akaamua kama yanalingana.

Alasiri moja, kesho yake ikiwa Idd, Ubah, rafiki ya Bilan, alimngoja mlangoni waende kupakwa hina. Hesabu kumi zilikuwa zimebaki. Bilan akaacha kuitazama safu ya majibu mapya, akawa anasoma jibu la zamani mara mbili.

"Yanalingana," Roda alisema kila mara, na uso wake ukazidi kukunjuka.

Wiki mbili baadaye Daud, msimamizi wa mradi, alipiga simu. Katika hesabu ya thelathini na saba, mashine mpya ilikuwa imepunguza kina cha maji kwa mita nzima. Lau ingekuwa imeanza kutumika, wakulima wa ukingoni wangeambiwa wasihame ilhali maji yanakuja. Akasema kwa upole kwamba huenda kazi hiyo ilihitaji mtu mwenye macho mazima.

"Ni kweli," Roda akajibu. "Ni macho yangu. Nisameheni."

Akafunga tarakilishi, akaketi mikono mapajani. Baada ya sala ya magharibi Bilan alikwenda akaketi miguuni pa shangazi yake.

"Eddo," alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali, "si macho yako. Ni mimi. Sikukusomea majibu mapya."

Bilan alitamani agombezwe, lakini shangazi yake alilia tu, kimya kimya. Kisha akampa simu amweleze Daud mwenyewe. Bilan akaeleza yote. Daud akawapa siku nne za kutafuta kosa.

Walisoma maagizo mstari kwa mstari. Siku ya tatu wakagundua kwamba tafsiri ilitanguliza hatua moja kabla ya nyingine ambayo jibu lake lilihitajika kwanza. Roda akairekebisha, wakarudia hesabu zote arubaini, na safari hii zikalingana kweli.

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya mwisho ya Roda. Mvua za vuli zilipoanza, hakuona tena hata mwanga wa skrini. Bilan alimshika mkono kumpeleka uani, akamwomba radhi tena.

"Nilikwisha kukusamehe," Roda alisema. "Kutamani kupakwa hina si kosa, mwanangu. Ungesema unataka kwenda, tungeahirisha. Lakini mtu akikuamini kwa jambo asiloweza kuliona mwenyewe, usimdanganye hata mara moja. Hana pengine pa kuuliza ila kwako."