Kuhesabu Hadi Thelathini

Mlango wa kliniki nyuma ya soko la Pikine ulisukumwa, na harufu ikatangulia kuingia. Kiné Diop, mtaalamu wa viungo ambaye cheti chake hakijatimiza mwaka, aliziba pua. Nyuma ya harufu alifuata kijana mrefu asiyemjua, jezi ya kijani mwilini, akirukaruka kwa mguu mmoja na mpini wa ufagio mkononi.

"Nimeambiwa hapa mnatengeneza vifundo. Naitwa Birane Ndiaye."

"Ndiaye? Kumbe harufu ni ya ukoo."

"Na wewe nani?"

"Diop."

"Nimekwisha! Mla wali asiyeshiba ndiye wa kunishika mguu!"

Kiné alicheka. Diop na Ndiaye ni koo za watani, na kuitana walafi wa wali ni salamu yao. Lakini alipokunja suruali ya mtani wake, kicheko kilimkauka. Kifundo kilikuwa kimevimba kama papai bovu, damu imevilia hadi vidoleni. Juu yake ilikazwa hirizi ya ngozi iliyolowekwa maziwa, na kwa siku sita maziwa yale yalikuwa yamegeuka ute wa kijani, yakatambaa katikati ya vidole. Chini ya kamba ngozi ilitoa usaha.

Akajikaza. Akabonyeza ncha za mfupa pande zote mbili. "Hapa?"

"Hapaumi."

Akashusha kidole kidogo, mbele ya kifundo cha nje. Birane aliuma kola ya jezi.

"Piga hatua nne."

Alizipiga, jasho likimtoka.

"Mfupa mzima. Kano ya nje ndiyo imechanika. Mguu ulipinda kwa ndani, sivyo? Hii takataka itoke."

"Haitoki mpaka fainali ya mpira, Jumapili ijayo."

Mkasi ulikuwa umeshakata. "Aliyekufunga uozo huu aule mwenyewe!" Hirizi ikatua ndooni.

Birane aliinama, akaitoa. "Alinifunga mama yangu," alisema taratibu. "Utani hauvuki kizingiti cha mama, Diop."

Akaondoka. Usiku kucha Kiné alihisi yeye ndiye anayenuka. Uvundo aliousikia sasa ulikuwa wa ulimi wake. Asubuhi akapiga namba ya Birane iliyokuwa daftarini.

"Ndiaye, nilikosa adabu. Nataka kumwomba mama radhi."

"Nimemsimulia. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema hata yeye alikuwa ananikimbia nikiingia na ule mguu."

"Basi rudi, mpenda wali."

"Wali ni wenu! Nakuja, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Wa mguu wangu. Mimi bado naomba."

Alikuja kila alasiri. Hirizi, ikiwa imeoshwa, ilining'inia shingoni. Kiné alisafisha kidonda, akafunga bandeji, akamfundisha kusimama kwa mguu ule ulioumia peke yake. Siku ya tatu hakuvaa koti jeupe. Alivaa gauni la bluu, na Birane akasahau kusimama.

"Niahidi," Kiné alisema. "Jumapili, kabla ya kuvaa kiatu, utasimama mbele yangu kwa mguu huo nihesabu hadi thelathini. Ukishindwa, huchezi."

"Mbele ya mtaa mzima?"

"Mtaa hauna kifundo chako."

"Nakuahidi."

Jumapili uwanja wa mchanga ulifurika. Bwana Gaye, kiongozi wa timu, alichomoa sindano ya ganzi mfukoni, bila hata karatasi yake.

"Nikimdunga hii hasikii kitu. Kesho atajijua."

Kiné alimtazama mzee yule na meno yake ya dhahabu, akaona kinyaa kikubwa kuliko siku ya hirizi.

Birane alimpita Gaye, akaja mstarini bila viatu, akainua mguu usioumia. Watu wakaanza kuzomea.

"Moja," Kiné alisema. "Mbili."

Kufika kumi na tano goti lilitetemeka. Macho ya Birane yalimwomba aharakishe. Angeweza; nani angejua? Akahesabu vilevile, polepole.

"Kumi na tisa."

Kifundo kikayumba. Mguu wa pili ukagusa mchanga.

Birane alivua jezi, akamkabidhi mchezaji wa akiba. "Mwoga wa mwanamke!" mtu alifoka, na mate mazito, mekundu kwa kutafuna mbegu za kola, yakamwangukia juu ya bandeji.

Birane akakaa chini. Kiné akapiga magoti kando yake. Hakuziba pua. Kwa ncha ya kitambaa chake cheupe cha kichwani aliyafuta mate yale.

"Kesho," Birane alisema, macho yamemjaa maji, "uanzie moja."