Santuri Iliyozunguka Polepole

Maiti ya Corey Vandersall ilikuwa imevaa bangili za plastiki kutoka vifundo vya mikono hadi viwikoni, nyekundu, manjano, buluu, kama mtoto aliyeachiwa duka zima la shanga. Mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minne. Alilala kifudifudi nyuma ya meza ya muziki, katika ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu pembezoni mwa mji wa Toledo, Ohio, na damu ya kichwa chake ilikuwa imeshuka hadi kwenye manyoya ya suruali yake ya waridi.

Juu ya meza santuri ilikuwa bado inazunguka. Sindano ilikuwa imefika mwisho wa wimbo, ikawa inakwaruza palepale, bila mtu wa kuinyanyua.

"Kuna aliyegusa kitu?" aliuliza Inspekta Bernadine Nowicki.

"Hakuna, Afande," alijibu Sajini Terrell Gaither. "Alama za vidole zimeshachukuliwa. Ziko kibao. Ma-DJ kadhaa wamesimama hapa jana."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Aprili 2003. Jua lilikuwa limeingia kwa mlango wa mizigo na kuyaanika yote ambayo taa za rangi huyaficha: zulia lililoganda soda, chupa za maji, bawa moja la malaika la karatasi limekanyagwa.

Inspekta alivaa glavu, akainyanyua sindano, akairudisha mwanzoni. Hakugusa kitu kingine.

Kilianza kinanda. Kisha sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka, ikiimba kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

*Njoo nyumbani, njia ni baridi. Mama ameacha mlango wazi.*

Nowicki alisikiliza mpaka kikaingia kishindo cha ngoma kisichofanana na sauti ile hata kidogo.

"Huu ndio wanaochezea watoto?" aliuliza. "Huu ni wa msibani."

Gaither alicheka, akaiona tena maiti, akakoma. "Spidi siyo hiyo, Afande." Kitufe cha mizunguko thelathini na tatu kwa dakika kilikuwa kimewaka. Akabonyeza cha arobaini na tano.

Sauti iliruka. Yule mwanamke akawa katoto, katoto kakawa panya wa katuni, na ngoma zikaanza kumfukuza kama zimechomwa mkia.

"Huo sasa!" Bega la Gaither lilicheza bila ruhusa yake. "Ohio nzima ilikuwa inaujua huu. Corey ndiye aliyeutengeneza. Mwaka tisini na tisa ungeuweka huu kwenye mkesha wa dansi, ghala zima linaruka, watu wanalia, wanakumbatia wasiowajua, wanavishana bangili. Tuliuita hardcore ya furaha."

"Tuliuita?"

"Nilikuwa kijana, Afande. Na nilikuwa na suruali ya manyoya. Hilo tusiliandike."

"Na jana walikuja wangapi?"

Gaither aliuzima muziki. "Wachache. Furaha imeisha. Waliokuwa wanaruka wameoa, waliobaki wanachekwa. Ma-DJ wamehamia kwenye muziki wa giza. Sisi polisi tumevamia maghala, serikali imeleta sheria ya kumbana mwenye ukumbi. Corey alikuwa amebaki peke yake na bangili zake."

"DJ anaweza kukosea kitufe hiki?"

"Kama wewe unavyoweza kujifunga pingu ukidhani ni saa."

"Basi aliuweka polepole makusudi. Ukumbi mtupu, watu wameshaondoka." Nowicki aliutazama ule mkono wenye bangili. "Alikuwa anamsikilizisha nani?"

Aliyepiga simu polisi alikuwa Darlene Tackett, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, muuzaji wa kibanda cha vinywaji. Ndiye pia aliyekodisha viatu vya magurudumu. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, mikono imetulia mapajani.

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi ndiye. Nilikuwa kibandani naosha sufuria za jibini. Nikatoka kumwambia aondoe mizigo yake nifunge. Nikamkuta hivyo."

"Hukusikia muziki?"

"Afande, mimi hapa ni wa soda na bisi. Muziki niliacha kuusikia zamani. Hata treni ikipita humu ndani nitaiuliza kama inataka barafu."

Alilisema lile neno "zamani" kama wanavyosema watu waliotoka milima ya Kentucky kufuata viwanda vya Toledo: sauti ilikatika katikati, ikaanguka, ikajiokota. Nowicki alihisi ameisikia mahali. Hakukumbuka wapi.

"Aligombana na mtu?"

"Na Kip, DJ kijana wa zamu iliyofuata. Alimkatia muziki mbele ya watu, Corey akamzaba kofi. Baba mzima na mabangili yake, anamzaba mtoto wa watu! Ningecheka, ila ilitia aibu."

Kip Brandt alikamatwa nyumbani kwa mama yake. Shati lake lilikuwa na damu.

"Damu ya nani?"

"Ya pua yangu. Alinizaba kwa mkono wenye kilo mbili za plastiki."

"Kwa nini ulimkatia muziki?"

"Nilimsaidia! Watu walikuwa wamekaa chini, Afande. Wamekaa! Yeye anawapigia upanya wake, wao wanasubiri zamu yangu."

"Ukamwambia nini?"

Kip alikwepa macho yake. "Kwamba muziki wake ni maiti na yeye ndiye jeneza. Mbele za watu. Najuta. Lakini huo si uuaji, ni ushamba tu."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani. Mama alikuwa amelala; shahidi wangu ni paka."

"Uliwahi kumsikia akiupiga wimbo wake polepole?"

"Corey? Polepole?" Kip alimtazama kana kwamba ameulizwa kama samaki huvaa soksi. "Alikuwa akisema polepole ni kwa wazee na wagonjwa." Halafu ushupavu ukamtoka usoni. "Afande, nitafungwa kweli? Mimi nilitaka zamu yangu tu."

Nje ya chumba Kamanda alikuwa anamngoja Nowicki.

"Shati lina damu. Ugomvi umeshuhudiwa. Alama zake za vidole ziko mezani. Unasubiri nini?"

"Majibu ya damu."

"Yatakuja wiki ijayo. Mwendesha mashtaka anataka hati ya mashtaka jioni hii. Kijana wa mkesha amemuua mwenzake wa mkesha; hata anayesikiliza kwa sikio moja ataelewa."

"Ndiyo maana naliogopa jibu hilo."

"Mpaka jioni, Nowicki. Baada ya hapo anashtakiwa kwa mauaji."

Daktari wa maiti alipiga simu alasiri. Kitu kizito, butu, chenye umbo la duara mbele. Mapigo zaidi ya moja. Na ndani ya jeraha, chembe za mpira wa kahawia.

Nowicki aliiweka simu chini, akakamata koti. "Breki," alimwambia Gaither. "Viatu vya magurudumu vina breki ya mpira mbele, penye vidole."

Walirudi ukumbini. Rafu za viatu zilipanda hadi darini, vyote vya kahawia, vyote vikinuka miguu ya kaunti nzima. Walianza kuvishusha.

"Mama yangu alijinyima nisome chuo," alilalamika Gaither, "ili nije kunusa viatu."

"Nusa, Sajini."

Alinusa. Alikunja uso, akatema mate, akaendelea. Kisha akasimama. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba zilizolowa. Kilinuka sabuni ya limau. Mwenzake alikuwa na vumbi kama wengine.

Nowicki alikigeuza chini ya tochi. Aliyekiosha alikuwa ameosha ngozi na magurudumu na mpira. Lakini ndani ya tundu la skrubu, pasipofika kitambaa, damu ilikuwa imekauka.

Sabuni ya limau ilikuwa juu ya sinki la kibanda cha vinywaji. Kibanda kilikuwa na mlango mmoja na ufunguo mmoja, nao alikuwa nao Darlene.

"Darlene?" Gaither alikataa kwa kichwa. "Hapana, Afande. Alikuwa akitugawia maji bure tukizidiwa na joto. Na Corey walijuana miaka. Kwa nini amuue?"

"Sijui. Nichukulie ile santuri. Na mashine yake."

Kituoni Darlene alisomewa haki zake: ya kunyamaza, ya kuwa na wakili. Alisema wakili hamtaki. Alikitazama kiatu ndani ya mfuko wa ushahidi, akasema, "Mimi huosha vitu vingi."

"Kip amekaa mahabusu tangu asubuhi," alisema Nowicki. "Jioni hii anapelekwa gereza la kaunti kwa mauaji. Unalijua hilo?"

"Nimesikia."

"Sajini. Thelathini na tatu."

Kinanda kilianza. Sauti ya mwanamke ikaingia chumbani, na Nowicki, aliyekuwa amekaa hatua moja kutoka kwa Darlene, akatambua ameisikia wapi. Ilikuwa ikikatika katikati ya neno, ikianguka, ikijiokota.

*Njoo nyumbani, njia ni baridi.*

Baada ya "nyumbani" palikuwa na mruko mdogo wa kinanda, kama kitambaa kilichokatwa kikashonwa haraka. Darlene hakulia. Lakini midomo yake ilikuwa ikifuata wimbo, na ilipofika kwenye ule mruko haikuruka. Ilitamka neno ambalo halikuwemo kwenye santuri.

Nowicki alirudisha sindano. Midomo ikatamka tena.

"Hapo," alisema. "Umesema nini hapo?"

"Sijasema kitu."

"Umesema kitu ambacho hakimo. Nani amekatwa hapo, dada?"

Gaither alikohoa.

"Denny," alisema Darlene. "Njoo nyumbani, Denny, njia ni baridi. Mdogo wangu. Alisinzia kwenye usukani akitoka mkesha wa Detroit. Corey alikuwa rafiki yake. Siku ya mazishi niliimba kaburini kwa kinanda kidogo, maneno yangu mwenyewe, na Corey akaja na kinasa sauti chake. Akasema, 'Nimrekodie mama yako, awe nayo.' Mama akambusu mkono. Akambusu mkono, Afande! Kanda yenyewe hakutuletea. Alisema iliharibika."

"Ulijua lini?"

"Leo alfajiri."

"Wimbo huu umepigwa mji huu miaka minne."

"Na mimi nimeucheza miaka minne!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa natoka kibandani, navaa mabawa ya karatasi, narusha mikono juu na wenzangu, napiga kelele 'nyumbani! nyumbani!' kama mwendawazimu. Ule ulikuwa wimbo wangu wa furaha. Nikiwa na huzuni ya Denny nausubiri upigwe. Nani angejua? Wewe ungejijua, ukikimbizwa hivyo ukawa panya?"

Gaither aliinua sindano, akaishika hewani, hakujua aiweke wapi.

"Leo watu wameondoka," Darlene aliendelea. "Narudisha viatu kwenye rafu. Corey anakunja nyaya zake, uso umemwiva kwa maneno ya Kip. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, 'Achana naye, Corey, mimi bado naupenda wimbo wako.' Akanitazama, akatabasamu, akasema, 'Njoo nikuonyeshe kitu.' Akabonyeza kitufe."

"Kisha?"

"Kisha nikamsikia Denny akizikwa."

Alivuta pumzi, akaendelea kwa sauti ya mtu anayehesabu soda.

"Nilidhani ataomba msamaha. Aliniambia mbio zimepitwa na wakati. Siku hizi watu wanataka machozi, wanataka polepole. Amepata kampuni, atautoa upya, nilivyoimba mwenyewe. Ataniandika jina kwenye jalada. Nikamuuliza jina la Denny liko wapi. Akasema lilimharibia mapigo, alilikata. Halafu akacheka. 'Hukujua kweli? Miaka yote hii unauza soda mbele ya sauti yako mwenyewe, na hukujua?' Kiatu nilikuwa nacho mkononi."

"Daktari anasema mapigo ni zaidi ya moja."

"La kwanza lilikuwa hasira. La pili nilikusudia. Liandike."

Nowicki aliandika. Kisha akamgeukia Gaither. "Mpigie Kamanda. Kip Brandt aachiwe sasa hivi, na mama yake ajulishwe." Gaither alitoka haraka, kama aliyekuwa akingoja sababu ya kutoka.

"Ungemwacha afungwe?" Nowicki aliuliza.

"Nilijiambia nitakuja kesho. Sijui kama ningekuja." Darlene alimtazama usoni. "Usiniulize niseme uongo mzuri."

"Corey naye ana mama. Yuko hapo chini, mapokezi, Darlene. Ameniuliza kama aliyemuua mwanawe ana neno lolote kwake."

"Atamzika kwa jina lake lote?"

"Bila shaka."

"Basi amenizidi; wangu alikatwa jina. Mwambie simwombi radhi."

"Hakimu ataisoma karatasi hii. Neno moja la majuto linaweza kukupunguzia miaka."

"Aisome. Simwombi yeye, simwombi mwanawe, simwombi hakimu. Siombi radhi."