Kahawa ya Mama Yake Donatien

Jikoni palinukia kahawa, na nyumba ile haikuwa na kahawa. Baba yake Kahambu aliiuza Butembo miaka thelathini, magunia kwa magunia, wala hakuna mtu nyumbani aliyeionja: kahawa ni ya Wazungu, sisi chai. Hata hapa Evere, Brussels, ghorofa ya nne, kabatini mlikuwa na majani ya chai tu.

"Anaclet, njoo unuse."

Mumewe alinusa kama mbwa wa forodha. "Bon, iko kwa jirani."

"Jirani ni Donatien. Na Donatien iko hôpital."

Anaclet alijua kilichotokea jana.

Kahambu alikuwa mtunza wazee, na Donatien, Mhaiti wa mlango wa pili, alikuwa mzee wake. Chumbani kwake kulikuwa na chungu kilichofunikwa kitambaa cheupe. "Humo yumo mama," alimwambia siku ya kwanza, bila haya, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo. Kila asubuhi marehemu mama alipata kikombe cha kahawa, sukari vijiko vitatu. "Ukichelewa atauliza: *Kote kafe m?* Kahawa yangu iko wapi?" Alipokwenda kupasuliwa nyonga, alimshika Kahambu mkono. "Siku kumi na mbili tu, binti yangu. Usimwache na kiu."

Kahambu akaapa. Siku nane alipeleka kikombe huku akikemea kimoyomoyo kwa jina la Yesu, maana Mungu anaelewa mambo ya kazi.

Kosa lake lilikuwa kutoa ushuhuda. Kanisani kwao, garaji iliyopakwa rangi nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre, ukishapewa maikrofoni huwezi kuirudisha mikono mitupu. Akasimulia chungu. Jumamosi Pasta Éliézer alitua Evere na waombezi sita na chupa mbili za mafuta, akampokonya ufunguo, akakiinua chungu juu ya kichwa.

"Pasta, ile ni mama ya muntu!"

"Ni shetani! Weye muokovu unapikia shetani kahawa, Maman Kahambu? Hauna haya?"

Akakibamiza sakafuni. Ndani hamkuwa na kitu, ila kipepo chenye harufu ya kahawa kilichopita katikati ya miguu ya waombezi na kutoka mlangoni bila kuaga.

Na sasa, Jumapili asubuhi, kilikuwa kwake. Kilivuma ndani ya chupa ya chai. Kikagonga mfuniko wa sufuria kutoka ndani. Kikahamia kiatu cha Anaclet, kikakohoa.

"Anatafuta pa kukaa," alinong'ona Kahambu. "Chombo yake walivunja."

"Alors, asikae mu kiatu yangu," alinong'ona Anaclet, akivaa kandambili kwenda kanisani.

Kahambu alikwenda amefura kwa hasira, ameapa atainyakua maikrofoni amwambie Pasta kwamba ameingia nyumba ya mtu akavunja mama wa mtu. Lakini harufu ilipanda nao basi, ikaketi nao benchi la tatu, ikainuka Pasta alipoanza kufoka "Toka! Toka!", na Kahambu akaelewa kwamba katika Brussels nzima hapakuwa na chombo kilicho wazi kama mdomo ule, ambao kwenye "toka" ya tatu ulipanuka, ukabaki umepanuka, meno yote nje, shingo ikitetemeka, hadi ikatoka sauti nyembamba ya bibi kizee aliyechoka kungoja:

"*Kote kafe m?*"

"Amina!" kanisa likalipuka. "Lugha mupya! Alléluia!"

Wakacheza. Wakalia. Kahambu peke yake alikimbia.

Jumatano Donatien alirudi na kigari chake cha kutembelea. Kahambu alimwambia yote, amepiga magoti. Mzee hakufoka.

"Nilikuachia mama yangu," alisema. Heri angempiga kofi.

Walinunua chungu kipya mtaa wa Matonge, wakaingia kanisani wakati wa maombi ya mchana. Pasta alikuwa madhabahuni, na waumini walikuwa wamejaa hadi mlangoni: tangu Jumapili hakunena ila kwa lugha mpya, na aliomba kahawa tu. Donatien aliweka chungu chini, kitambaa kando, kikombe mbele.

"Manman," aliita.

Pasta akashuka. Akampapasa Donatien shavu kwa kiganja kipana chenye pete, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Akasema maneno machache. Donatien akakaa chini.

"Anasema nini?" aliuliza Kahambu.

"Kwamba amekaa ndani ya chungu miaka kumi na saba. Sasa ana miguu."

Pasta akanywa kikombe chote, akajifunga koti kiunoni kama kanga, akatoka nje kwenye jua akitembea kwa madaha, na kanisa zima likamfuata likiimba.

Walibaki wawili tu. Ndipo chungu kipya kilipotikisika.

"Maman Kahambu," ilisema sauti nzito ya Pasta kutoka ndani. "Nitoshe humu, nitoe inje. Kwa jina la Yesu, nitoshe!"

Donatien alikitazama. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakifunika.

"Na huyu," aliuliza, "anakunywa nini?"

Kahambu alifuta machozi.

"Chai," alisema.