Jina Lililoitwa Menengai

Odongo alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hofu ilimjia polepole. Aliketi sebuleni kwake pembeni mwa mji wa Nakuru, akitazama kwenye kompyuta ramani ya kuonyesha gari la mkewe lilipo. Alama ya Nabalayo ilikuwa imesimama langoni. Akachungulia dirishani. Langoni hapakuwa na gari, ila harufu ya mayai viza ilikuwa imetanda uani.

Nabalayo mwenyewe alifika jua likielekea kuzama, akitoka kununua mahindi Rongai.

"Baba Natasha, ni nani ameteleka maji ya chai jikoni?"

"Nilidhani ni wewe."

Wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake acheke.

Redio ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa Odongo tangu astaafu kazi ya reli. Yeye na wapenzi wa redio wenzake wachache walikuwa wameweka kituo cha kupokezana mawimbi ukingoni mwa kreta ya Menengai, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji. Redio ya gari inataja jina la mwenyewe na mahali alipo, kituo kinasikia, kisha kinarudia kwa nguvu hadi nyumbani. Lakini barabara ya Rongai ina mabonde, na Nabalayo akiingia bondeni alipotea kwenye ramani, Odongo akabaki anazunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo akakitega kituo kiendelee kurusha jina la mkewe hata kikiwa hakijamsikia. Mapenzi nayo yana ujinga wake.

Tangu hapo alama ilifika nyumbani kabla ya gari kila siku, na ikishafika, ndala zilisikika zikiburutwa koridoni, mlango wa kabati ukafunguka na kufungwa, na sauti ikaanza kuguna wimbo ule ule wa kanisani ambao Nabalayo huuguna akikatakata sukuma, huku Nabalayo wa kweli akirudi jioni amepauka zaidi, hakumbuki chumvi hukaa wapi, hadi siku moja Odongo akamkuta amesimama nje ya mlango wao wenyewe, ananong'ona, "Samahani, hapa ni kwa nani?"

Odongo alilia siku hiyo. Alikuwa akimpoteza mkewe naye yuko mbele ya macho yake.

Mama Wangare, anayeombea wagonjwa mtaani, alikuja, akasimuliwa yote, na akakataa hata kuketi.

"Umekuwa ukimwita mtu pale Menengai na mwenyewe hayuko?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mashine inayoita, Mama."

"Na kilichoitika si mashine. Nenda ukanyamazishe hiyo kitu. Mimi nitabaki nikimwombea hadi apate usingizi."

Mchana huo huo Odongo akapanda Menengai, magoti yakimlalamikia njia nzima. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka chini ya kreta, ukinuka mayai viza kama kule uani. Alifungua kisanduku cha kituo akashika kipaza sauti, kwa sababu mtu wa redio hafungi kituo bila kujitaja. Hiyo ni adabu iliyomwingia hadi mifupani.

"Hapa ni Odongo," akasema. "Nafunga. Narudi nyumbani."

Sauti yake ikatawanyika juu ya kreta. Kisha akakata waya. Ile harufu ikaisha papo hapo, na Odongo akakaa juu ya jiwe akahema. Uchovu wa wiki zote ulimwangukia kwa pamoja. Akapiga simu.

"Mama Natasha, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa. Nimeamka kichwa chepesi, Mama Wangare ameenda zake, nimeshapika." Ilikuwa sauti yake ya zamani, na Odongo akamshukuru Mungu kwa nguvu. Kisha akamsikia akisita. "Lakini hii ni namba ya mzee wangu. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Odongo. Niko huku juu, nakuja."

"Usinitanie. Odongo ameshafika, yuko hapa anavua viatu."

Na kwa nyuma, ndani ya nyumba yake, Odongo akamsikia mwanamume akiuliza kwa uchovu, "Ni nani huyo anasumbua, Mama Natasha? Kata simu."

Naye akakata.