Shati Ambalo Halikushonwa

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia kibandani kwa shangazi yake, mshonaji, kufagia vipande vya vitambaa na kuokota pini kwa sumaku. Cherehani ya shangazi ilikuwa kuukuu hasa. Ikianza kunguruma, panya wa mtaa mzima walihama na mizigo yao. Lakini kelele hizo hazikumzuia shangazi kutunga mashairi. Mguu ulikanyaga pedali, mdomo ukatoa beti, na Kidoti akazichapa kwenye simu na kuzituma Baraza la Vina, kundi la watunzi mtandaoni. Majibu shangazi aliyasoma mwenyewe nyumbani, akiwa na miwani yake.

Jumamosi ya wiki hiyo baraza lingesoma mashairi moja kwa moja mtandaoni. Shangazi alikuwa amechaguliwa kufungua shughuli pamoja na mtunzi mwingine, aliyejiita Kinyozi. Miaka yote hakuwahi kupewa heshima hiyo. Alijishonea gauni refu, ingawa kamera ingeonyesha kichwa tu.

Alhamisi alitunga ubeti huu:

*Pasi yangu mashuhuri, makunjo yote hutoka,*
*Kanzu ya mtu tajiri, ikifika hunyooka,*
*Hata suti ya safari, kwa moto hulainika,*
*Mwenye pasi kama yangu, ajitokeze nimwone!*

Kidoti akautuma. Shangazi akachukua futi yake, akaenda kupima mapazia ya mteja, simu akaiacha kwenye chaji. Haukupita muda, simu ikalia. Kidoti akachungulia.

*Hiyo pasi si hodari, kutu nyingi imeshika,*
*Shati langu la fahari, lilirudi na viraka,*
*Bora ashone magari, nguo zimemponyoka,*
*Mwenye pasi kama yako, aitupe jalalani!*

Aliyeandika ni Kinyozi. Kidoti alisoma mara ya pili, akidhani macho yamemdanganya. Chini yake watu walikuwa wakicheka. "Moto umewaka!" aliandika mmoja. "Mshonaji kapatikana leo!" aliandika mwingine. Hata msimamizi wa baraza, nesi mstaafu ambaye wote walimwita Mama Mlezi, alituma picha ya maua. Maua ya nini? Mtu anatukanwa, mnamletea maua?

Damu ikamchemka. Aliandika haraka: "We kinyozi usiye na adabu! Kunyoa kwenyewe hujui, unawakata watu masikio. Usituandikie tena!" Akatuma kwa simu ya shangazi, kwa jina la shangazi.

Vicheko vikakatika. Kisha Kinyozi akajibu: "Nisamehe, dada. Sikujua nimekuudhi." Mara maandishi madogo yakatokea: Kinyozi ameondoka kwenye kundi.

Kidoti alikodoa macho. Aliyetukana ndiye anayeomba msamaha? Mbona hakuna aliyempongeza kwa kumtetea shangazi? Akafuta ujumbe wake. Badala yake likabaki tangazo kwamba ujumbe umefutwa, na maswali yakazidi. Mwishowe Mama Mlezi aliandika: "Usomaji wa Jumamosi tunausimamisha kwanza. Mshonaji, kuna nini, dada yangu?"

Shangazi aliporudi, simu yake nusura iyeyuke kwa kupigiwa.

"Kidoti, mbona watu wananiuliza kama naumwa? Na mtu wangu wa Jumamosi kaenda wapi?"

Kidoti aliona angeweza kusema simu iliharibika. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi. Kisha akaliona gauni jipya limetundikwa ukutani, akashindwa.

"Ni mimi, shangazi. Alikutukana, nikamtukana. Nikamwambia anawakata watu masikio. Halafu nikafuta."

Shangazi akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

"Mwanangu," akasema, "yale ni malumbano. Mtu akilipenda shairi lako, analijibu kwa vina vyako vilevile, anakuchokoza ili nawe umchokoze. Asiyejibiwa ndiye wa kuhuzunika."

"Lakini shati lake lilirudi na viraka!"

"Shati gani? Mimi sijawahi kumshonea hata leso. Tunaishi mbali, sijawahi kumwona. Ni uongo mtupu, ndiyo maana tunacheka."

Kidoti alichanganyikiwa zaidi. "Basi na mimi nilisema uongo. Mbona yeye hakucheka?"

"Kwa sababu wewe ulilenga kuumiza, na ukapata. Kinyozi anaumwa, mkono wake unatetemeka. Mwezi uliopita alimkata mteja sikio kweli. Alituambia barazani, alisikitika sana."

Kidoti alijiona mdogo kama pini. "Nifanye nini sasa?"

"Ulituma kwa jina langu. Sasa tuma kwa jina lako."

Alirekodi sauti yake, akasema yeye ni nani na alichofanya. Kisha akakaa chini kutunga. Alivunja penseli, akahesabu mizani kwa vidole vya mikono, vya miguu na vya paka wa jirani. Jua lilipozama, Mama Mlezi alipokea sauti ile pamoja na ubeti huu, akampelekea Kinyozi:

*Ni mimi niliyekosa, shangazi msilaumu,*
*Nilidhani ni mikasa, utani ukawa sumu,*
*Nakuomba hivi sasa, kinyozi unirehemu,*
*Rudi tena barazani, tucheke pamoja nawe.*

Ijumaa ilipita bila jibu. Kidoti hakula vizuri. Jumamosi asubuhi shangazi alikuwa akilikunja gauni alirudishe kabatini, simu ikalia.

*Kitoto kilichokosa, kumbe nacho chafahamu,*
*Mkono wanitikisa, lakini bado mgumu,*
*Njoo kwangu hivi sasa, nikunyoe uwe ndimu,*
*Nimerudi barazani, ole wako leo hii!*

Chini yake Mama Mlezi aliongeza: "Usomaji wa leo uko palepale." Kidoti alishika nywele zake kwa mikono miwili. "Shangazi, huyu amenisamehe au bado ana hasira?"

Shangazi alikuwa tayari anacheka mpaka miwani inamdondoka, huku akilikunjua gauni.

"Amekusamehe, tena amekukaribisha. Kuanzia leo, usipoelewa neno la mtu, uliza kwanza, hasira baadaye. Na ukitaka kumtania mtu, mtanie kwa jambo ambalo hata yeye atalicheka, usiguse kidonda chake. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, kaa utunge. Baraza zima linakusubiri. Ukimnyamazia mzee wa watu sasa, hapo ndipo utakuwa umemtukana kweli."